Kondoa: Ardhi Ilipona, Mifugo Ilikwenda Wapi?

Msafiri atokaye Dodoma kuelekea Babati, akiisha kuupita mji wa Kondoa, huanza kupanda milima ya Irangi. Karibu na Kolo, mahali ambapo wageni hushuka kwenda kutazama michoro ya kale ya miambani, huona pande zote mbili za barabara vichaka vilivyoshikana na nyasi zilizoufunika udongo mwekundu. Mgeni hudhani ndivyo ilivyokuwa tangu enzi. Mzee wa Kirangi hadhani hivyo. Yeye anakumbuka kwamba miaka hamsini iliyopita vilima hivi vilikuwa uchi, vimechanwa na makorongo yaliyozidi kimo cha nyumba, na kwamba mvua ya saa moja tu ilitosha kuyageuza mabonde kuwa mito ya tope, ambayo kesho yake iliacha mchanga mkavu juu ya mashamba ya watu.

Habari ya Kondoa imesimuliwa mara nyingi kama habari ya ushindi, na hapana shaka ni ushindi. Wataalamu kutoka nchi nyingi wamefika kuitazama na kuiandikia vitabu. Sisi hatukusudii kuukanusha. Tunachosema ni kwamba hesabu ya ushindi ule ina kurasa mbili, na mara nyingi husomwa ukurasa mmoja tu: ule unaoonyesha nyasi zilizoota. Ukurasa wa pili unaonyesha ni nani aliyelipa ili nyasi zile ziote, na mzigo uliotolewa Irangi ulitupwa juu ya kichwa cha nani.

Jambo hili si la historia peke yake. Umoja wa Mataifa umeitangaza miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa muongo wa kurudisha uhai wa mazingira. Tanzania nayo, katika mpango wa Afrika wa kurudisha uoto kwenye hekta milioni 100 ifikapo mwaka 2030, imeahidi hekta milioni 5.2. Ahadi hiyo ni kubwa. Hekta hizo haziko mbinguni. Ziko vijijini, na karibu kila moja inapaliwa na mtu au inalishwa na ng'ombe wa mtu. Kabla hatujaanza kuzihesabu, inafaa tutazame tena namna Kondoa ilivyopona.

Kwanza tuelewane ardhi huugua vipi. Watu wengi husema mmomonyoko huletwa na mvua nyingi. Lakini katika milima ya Irangi mvua si nyingi. Kwa kawaida haifiki milimita 1,000 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Tatizo ni namna inavyonyesha na hali inayoikuta ardhi. Mvua ya kwanza hushuka kwa kishindo mwishoni mwa kiangazi, wakati ng'ombe wamekwisha kula hata mizizi ya nyasi na moto umekwisha kupita. Tone la mvua likianguka juu ya udongo ulio uchi huupasua; chembe ndogo hutawanyika na kuziba vitundu ambavyo maji yangepitia. Udongo hufanya ganda. Maji yakikosa mlango wa kuingilia ardhini hutafuta njia ya kuteremkia, nayo yakiteremka hubeba ule udongo wa juu wenye mbolea, ambao ndio chakula cha mimea. Kwa miaka ya kwanza mkulima haoni kitu, isipokuwa mtama wake hupungua kimo. Kisha huona mifereji midogo. Anapoanza kuona korongo, tayari amekwisha kupoteza kile kilicholifanya shamba liwe shamba.

Ndiyo maana elimu yote ya hifadhi ya udongo na maji, kwa wingi wa vitabu vyake, hurudi kwenye mambo mawili: kuifunika ardhi isipigwe na mvua, na kuyachelewesha maji yapate muda wa kuzama. Mkulima aliyeweza kuyafanya hayo mawili amekwisha kuishinda nusu ya ukame, kwa sababu katika sehemu nyingi za nchi yetu njaa haitokani na uhaba wa mvua peke yake, bali na mvua iliyokimbia.

Irangi haikufikia hali ile kwa siku moja wala kwa uzembe wa Warangi, kama ilivyopendwa kuandikwa katika ripoti za wakoloni. Kondoa ilikuwa kituo katika njia ya misafara ya karne ya 19, na misafara hula. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipambana hapo hapo Kondoa, na kila jeshi lilijilisha kwa nafaka na ng'ombe wa wenyeji. Nyanda za chini zilishikwa na mbung'o, kwa hiyo watu na mifugo yao wakabanana milimani, na miti ikakatwa kwa ajili ya mashamba, nishati na kumfukuza mdudu yule. Serikali ya kikoloni iliona makorongo na ikatoa amri: matuta yachimbwe, mifugo ipunguzwe, watu wahame. Kazi ilifanyika kwa shuruti, na ilichukiwa kama kila kazi ya shuruti ilivyochukiwa. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, matuta mengi ya namna ile, hapo na kwingineko, yaliachwa yabomoke, maana katika macho ya wananchi tuta na kodi ya kichwa vilikuwa ndugu wa tumbo moja.

Mwaka 1973 Serikali, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wananchi wote waliufahamu kwa jina la HADO. Mradi uliwekwa chini ya idara ya misitu, na ulianza kama idara ya misitu inavyoanza: kwa vitalu vya miche, kwa matrekta yaliyochimba makinga maji marefu, na kwa vizuizi vya fito na mawe katika makorongo. Kazi ilikuwa nzuri, lakini ardhi iliyoharibika ilikuwa kubwa kuliko kazi. Miche iliyopandwa asubuhi ililiwa na mbuzi jioni. Makinga maji yalikanyagwa na ng'ombe wakielekea mtoni. Baada ya miaka sita wakuu wa mradi walifikia uamuzi ambao haukupata kutokea mahali pengi duniani kwa ukubwa ule.

Mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kuondoka katika eneo lililoharibika zaidi, lenye ukubwa wa kilometa za mraba 1,256. Haikusemwa ipunguzwe, ilisemwa iondoke. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, jumla yao kati ya 85,000 na 90,000, walitolewa milimani. Mtu aliyekwenda kulala akiwa na zizi aliamka akiwa na uwanja mtupu.

Yaliyofuata yaliwashangaza hata waliotoa amri. Hazikuhitajika mbegu za kununua wala miche ya kitaluni. Nyasi ziliota zenyewe katika misimu michache. Visiki vilivyodhaniwa kuwa vimekufa vilichipua, kwa sababu chini ya udongo mizizi ilikuwa hai ikingoja tu kuachwa. Ardhi ilipofunikwa, maji yaliacha kukimbia kwa hasira. Mito ya mchanga katika mabonde, ambayo kila masika ilikuwa ikihama huku na huku na kufukia mashamba, ilianza kutulia katika njia zake. Kwenye mchanga ule uliotulia, wenye unyevu chini yake, watu wakaanza kulima. Mabonde yaliyokuwa laana yakawa mashamba ya miwa, viazi na mboga. Si kweli basi, kama wengine walivyodai baadaye, kwamba HADO haikufanya kitu. Ilifanya. Tena ilitufundisha jambo moja ambalo lingetupasa kulikumbuka kila tunapotumia mamilioni kununua miche: kwamba ardhi ya nchi hii ina nguvu ya kujiponya, na mara nyingi haihitaji kupandwa bali kupumzishwa.

Tugeuze sasa ukurasa.

Mifugo haikuyeyuka. Mwenye ndugu au rafiki katika nyanda za chini alimkabidhi ng'ombe wake huko. Asiye na ndugu aliuza kwa bei ya siku ile, na kila ajuaye mnada anajua bei huwaje watu wote wanapouza siku moja. Makundi yaliingia katika nyika za jirani, ambako nako kulikuwa na wenyewe, na huko yakaanza kazi ile ile ya kuzivua nguo ardhi za watu wengine. Milimani, watoto walikosa maziwa. Mashamba yalikosa samadi, na mkulima wa Irangi hakuwa na uwezo wa kununua mbolea ya dukani. Aliyekuwa akilima kwa maksai alirudi kwenye jembe la mkono. Mahari, matibabu, karo ya shule, yote yaliyokuwa yakitoka zizini yalitafutiwa mahali pengine. Wapo waliofaidika upesi: waliokuwa na mashamba mabondeni, na waliokuwa hawana ng'ombe tangu mwanzo. Wapo waliofilisika. Hesabu hii haikuwa na safu yake katika taarifa za mradi, kwa kuwa taarifa za mradi zilipima nyasi.

Mwaka 1986 mifugo iliondolewa pia katika tarafa ya Mvumi, kusini mwa mji wa Dodoma, kwa mtindo ule ule. Hata hivyo ilikuwa imekwisha kudhihirika kwamba watu hawawezi kuishi hivyo daima. Toka mwaka 1989 likaja wazo la ng'ombe wa kufugwa bandani: mtu afuge ng'ombe wa maziwa mmoja au wawili, awakatie majani, awaletee maji, na samadi airudishe shambani. Ni wazo zuri kabisa, na mahali lilipotekelezwa lilirudisha maziwa na mbolea kwa pamoja. Lakini ng'ombe wa maziwa ana bei, na banda lina bei, na kukata majani na kuchota maji ni kazi ambayo katika nyumba nyingi iliangukia mgongo wa mama. Maskini aliyepoteza mbuzi watano mwaka 1979 hakuweza kuingia katika mpango wa ng'ombe wa kisasa. Alichofanya ni kuwachunga mbuzi wachache usiku, kwa siri, kwenye nyasi alizokatazwa. Katikati ya miaka ya 1990 fedha za wafadhili zilipokwisha na walinzi wa mradi kupungua, mifugo ya siri iliongezeka na kuonekana mchana.

Yafaa tuseme wazi kwa nini tunayafukua haya. Mwaka 2006 iliamriwa mifugo iondoke katika bonde la Usangu, kwa sababu ardhioevu ya Ihefu ilikuwa ikikauka na mto Ruaha Mkuu ulikuwa ukikatika kila kiangazi. Sababu ilikuwa ya kweli. Mto ulikatika kweli, ingawa kilimo cha mpunga cha umwagiliaji nacho kilikuwa na fungu lake kubwa katika kuyanywa maji hayo, na mashamba hayakuamriwa kuhama. Makundi makubwa ya ng'ombe yalisafirishwa kuelekea pwani na kusini, Rufiji, Kilwa, Lindi, na mengi yalikufa njiani. Leo mtu akishangaa kusikia ugomvi wa wakulima na wafugaji katika wilaya ambazo zamani hazikujua mlio wa kengele ya ng'ombe, sehemu ya jibu iko Usangu. Tulilifanya mara ya pili lile lile la Kondoa, miaka 27 baadaye: tuliihesabu ardhi iliyoachwa bila kuihesabu ardhi iliyovamiwa.

Je, ipo njia nyingine? Wako wanaosema kwamba bila nguvu mwananchi hafanyi kitu. Hao wangesoma kwanza yaliyotokea Uluguru. Huko, kuanzia mwisho wa miaka ya 1940, serikali ya Kiingereza iliamuru kila mlipa kodi achimbe matuta ya ngazi mlimani, siku kadhaa kila juma. Kitaalamu hoja ilikuwa nzuri, maana miteremko ya Uluguru ni mikali na maji yake hunywewa mpaka Dar es Salaam kwa njia ya mto Ruvu. Lakini katika sehemu nyingi za mlima ule udongo mzuri ni mwembamba. Mchimba tuta aliufukia udongo mzuri chini na kuufunua juu ule usiootesha kitu. Mluguru aliyatazama mahindi yake yaliyodumaa juu ya tuta la serikali, akayalinganisha na ya jirani aliyelima kwa mtindo wa babu zake, akajua nani anadanganywa. Julai 1955, kule Matombo, wananchi waliandamana, polisi walifyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa. Kwa muda mrefu baadaye bwana shamba aliyetamka neno "tuta" mlimani alikuwa akijitafutia lawama.

Wakati huo huo, wilayani Mbinga, Wamatengo walikuwa wakiendelea kulima miteremko mikali kama ile, na hawakuwa wamefundishwa na mtu. Ngoro zao, yaani mashimo yaliyopangwa kama macho ya wavu juu ya mlima mzima, hutengenezwa kwa kufyeka nyasi, kuzilaza kwa mistari inayokatana, na kuzifunika kwa udongo unaochimbwa katikati. Nyasi huoza chini ya tuta na kuwa mbolea; shimo hupokea maji ya mvua na udongo unaosombwa. Ni kazi kubwa, nayo hufanywa na mwenye shamba kwa ajili ya maharage na mahindi yake mwenyewe.

Mfano mkubwa zaidi uko kwa jirani zetu wa Machakos, nchini Kenya. Miaka ya 1930 wataalamu wa kikoloni waliandika kwamba nchi ya Wakamba imekwisha, inageuka kuwa mwamba na mchanga. Dawa waliyoitoa ilikuwa kupunguza ng'ombe kwa nguvu na kuwauza. Mwaka 1938 maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walitembea kwa miguu hadi Nairobi, wakakaa huko kwa majuma mengi wakidai mifugo yao. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ililazimika kuiacha amri ile. Baada ya vita vya pili ikaja amri nyingine, ya matuta ya kulazimishwa, nayo ikazaa kinyongo kile kile.

Halafu jambo likageuka. Wakulima wenyewe, kuanzia miaka ya 1950, walianza kupendelea tuta la namna fulani ambalo wengine wao walikuwa wameliona likifaa kwa vitunguu na mboga. Mkulima huchimba mtaro kando ya mlima, kwa kufuata mstari ulio sawa kimo, na udongo anaouchimba huurushia upande wa juu. Hapo ndipo jina lilipotoka: fanya juu. Mtaro huwa kama sentimeta 60 kwa upana na kwenda chini. Juu ya ukingo hupandwa majani ya kulishia ng'ombe, ambayo mizizi yake huushika udongo; ndani ya mtaro, palipo na unyevu, hupandwa migomba au mipapai. Kila mvua inaponyesha, udongo unaosombwa hunaswa nyuma ya ukingo, na baada ya miaka kadhaa mteremko hugeuka wenyewe kuwa ngazi. Udongo mzuri haufukiwi kwa siku moja kama ulivyofukiwa Uluguru. Husogea taratibu, mkulima akiendelea kula. Sharti lake kubwa ni kipimo. Mtaro usiofuata kimo kimoja huyakusanya maji mahali pamoja na kuyapasulia njia, kwa hiyo kamba na pima maji ya fundi ni vitu vya lazima kuliko trekta.

Maneno hayo mawili ya Kiswahili, "fanya juu", yamekwisha kuingia katika vitabu vya kilimo vya Kiingereza na lugha nyingine, bila kutafsiriwa. Si maneno mengi yetu yaliyopata heshima hiyo, na hili limeipata kwa jembe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Machakos ilikuwa na watu wapatao 240,000. Mwaka 1989 walikuwa karibu 1,400,000. Kwa hesabu ya wale waliotabiri jangwa, nchi ile ilipaswa kuwa imekufa. Kumbe watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika kitabu walichokitoa mwaka 1994, walionyesha kwamba mashamba yaliyokuwa makorongo yalikuwa yamejaa matuta, miti iliyopandwa na wenyewe, na mavuno kwa kila mtu yaliyozidi yale ya zamani. Walieleza na sababu. Mkamba alikuwa na uhakika kwamba shamba ni lake na la wanawe. Soko la Nairobi lilikuwa karibu. Kahawa aliyokatazwa kuilima zamani sasa aliruhusiwa. Vikundi vya kusaidiana vya mwethya vilichagua viongozi wao na vilifanya kazi katika shamba la kila mwanachama kwa zamu. Wapo waliolipinga kitabu hicho kwa haki, wakionyesha kwamba tarafa zilizo kavu zaidi hazikunyanyuka vile, na kwamba wasio na mashamba walibaki kuwa vibarua wa wenye matuta. Hilo ni kweli, na halipaswi kufichwa. Lakini tuta la hiari limesimama mahali ambapo tuta la amri lilibomoka.

Msomaji wa Usukumani huenda anasema: hayo ni ya wakulima, sisi wenye ng'ombe je? Jibu lake liko kwake mwenyewe. Shinyanga ilifyekwa misitu yake kwa ajili ya kupambana na mbung'o, kisha kwa ajili ya pamba, na katikati ya miaka ya 1980 ilikwisha kuitwa jangwa. Mwalimu Nyerere alishtushwa na hali aliyoiona huko, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Ungeweza kufuata njia ya Kondoa. Haukuifuata. Maofisa wake, baada ya kuhangaika kwanza na miche ya kigeni ambayo watu hawakuipenda, waliwauliza wazee wao walikuwa wakifanyaje. Wazee wakawaeleza habari ya ngitili.

Ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kinapokaza, ili ndama, wagonjwa na maksai wapate cha kula. Kuna ngitili ya mtu na familia yake, na kuna ya kijiji. Desturi hiyo ilikuwa imekaribia kufa, hasa baada ya watu kuhamishiwa katika vijiji vipya kati ya mwaka 1974 na 1976 na kuziacha ngitili zao bila mwenyewe. Mwaka 1986 zilizobaki zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika vijiji 833 vya mkoa ule wa zamani, zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Ulinzi ulikuwa mikononi mwa sungusungu na mabaraza ya jadi, na aliyevunja mwiko alitozwa faini na watu anaowajua kwa majina. Kuni zikarudi karibu na nyumba, asali ikarudi, dawa za miti shamba na nyasi za kuezekea zikarudi. Na ng'ombe hawakwenda popote. Walibaki pale pale, wakifundishwa tu kungoja.

Isidhaniwe kwamba ngitili haina ila. Wenye ng'ombe wengi walijitengea ngitili kubwa, na asiye na eneo alianza kuikodi kutoka kwao. Baada ya mradi kwisha mwaka 2004, na watu kuongezeka, baadhi ya ngitili ziligawanywa kuwa mashamba. Lakini tofauti yake na Kondoa iko wazi. Shinyanga ilitenga majira. Kondoa ilitenga watu na mali yao.

Katika miaka ya karibuni mkoani Dodoma umeenea utaratibu uitwao kisiki hai, ambao ulianza kupata sifa Niger katika miaka ya 1980 kwa juhudi za Tony Rinaudo. Mkulima hachimbui visiki shambani. Huchagua machipukizi machache yaliyo imara, hupogoa mengine, huyafunga kitambaa ili yajulikane, na kuyatunza yawe miti. Hugharimu kisu na subira. Ni jambo lile lile ambalo milima ya Irangi ilituonyesha mwaka 1980, isipokuwa sasa linafanyika shambani mwa mtu, kwa mkono wake, na mbuzi wake akiwa amefungwa kamba hatua kadhaa kutoka hapo. Kikwazo chake si utaalamu. Ni mkaa wa mjini, unaomlipa mtu leo kwa mti ambao ungemlipa kwa miaka ishirini, na ni mashaka ya mkulima kama miti anayoitunza itahesabiwa kuwa yake siku ya kuivuna.

Hapa ndipo viongozi wa wilaya na vijiji wanapopaswa kutazama. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imewapa wanakijiji, kwa njia ya halmashauri yao na mkutano mkuu, usimamizi wa ardhi ya kijiji, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007 imeweka njia ya kuipanga. Mpango wa kijiji huchorwa kwenye ramani: hapa mashamba, hapa msitu wa hifadhi, hapa makazi, hapa malisho. Atakapokuja ofisa na ramani ya hekta za kurudishiwa uoto, mkutano mkuu una haki ya kumwuliza, kabla ya mwenyekiti kutia sahihi, ng'ombe wa kijiji hiki watakuwa wapi kuanzia Julai hadi Novemba, watakunywa maji ya kisima gani, na kama watavuka mpaka, kijiji cha jirani kimekwisha kuulizwa au la. Maswali hayo hayakuulizwa Irangi mwaka 1979, wala Usangu mwaka 2006.